Picha, Nakala au Taswira? Uhakiki wa Istilahi za Hifadhi ya Flashi

1. Utangulizi

Miongoni mwa miswada iliyofika katika dawati letu la istilahi ni mwongozo mfupi, wa kurasa 14, uliofasiriwa kutoka Kiingereza kwa ajili ya mafundi wa karakana moja ya Buswelu, mjini Mwanza. Karakana hiyo hushughulika na virekodi joto, yaani vifaa vidogo vinavyofungwa katika vyumba vya baridi na katika magari ya kubebea samaki, ili viandike kila baada ya dakika chache kiwango cha joto kilichopo. Mwongozo unaeleza namna ya kuunda, kwa kompyuta ya mezani, mkusanyo mzima wa programu na mafaili utakaowekwa ndani ya kifaa, na namna ya kuuweka humo.

Tumeuchagua mswada huu tuuhakiki hadharani kwa sababu mbili. Kwanza, matatizo yake ni ya wafasiri wengi, wala si ya mfasiri huyu peke yake. Pili, ni mara chache kosa la istilahi kuonekana wazi kama hapa kwamba linaweza kumtia mtu hasarani. Samaki wa Ziwa Viktoria huuzwa nchi za nje kwa masharti makali ya usafi na ubaridi. Ulaya iliwahi kuwazuia mwishoni mwa miaka ya 1990, na wavuvi, wachuuzi na wafanyakazi wa viwanda vya minofu waliyaona matokeo yake. Mwenye shehena ya sangara anayetakiwa kuthibitisha kwamba samaki wake hawakupata joto njiani hana shahidi mwingine ila maandishi yaliyomo ndani ya kirekodi chake. Basi lugha inayomwongoza fundi anayekifungua kifaa hicho haina budi kuwa lugha isiyo na shaka.

2. "Futa kumbukumbu"

Katika ukurasa wa tano mswada unasema: "Kabla ya kuweka picha mpya, futa kumbukumbu." Sentensi hii ni fupi na sarufi yake haina dosari. Hata hivyo, inaweza kusomwa kwa namna mbili zinazopingana.

Katika ofisi zetu kumbukumbu ni maandishi yanayotunzwa ili yarejewe: kumbukumbu za mkutano, kumbukumbu za mahesabu, nambari ya kumbukumbu juu ya barua. Karani wa chumba cha baridi akiambiwa "kumbukumbu za joto", anaelewa mara moja kuwa ni orodha ya vipimo vya siku zilizopita. Wafasiri wa mambo ya kompyuta nao wamelitumia neno hilo hilo kwa sehemu ya mashine inayopokea na kutunza habari. Matumizi yote mawili yamekwisha kuenea, na kila moja lina haki yake mahali pake. Lakini katika kirekodi joto mambo hayo mawili yanakutana ndani ya kasha moja. Fundi aelewe vipi? Je, anaamriwa kufuta vipimo vya joto, ambavyo ndivyo ushahidi wa mwenye samaki, au kufuta ile sehemu ya chipu itakayopokea programu mpya? Tulipousoma mwongozo mzima tulibaini kwamba maana iliyokusudiwa ni ya pili, na kwamba vipimo vya joto vinatakiwa kunakiliwa kwanza na kuwekwa mahali salama. Fundi asiyesoma ila ukurasa ule mmoja, kama mafundi wengi wafanyavyo wakiwa kazini, hana njia ya kulijua hilo.

Pendekezo letu ni kwamba, katika maandishi ya vifaa vya namna hii, neno kumbukumbu libaki na maana yake ya ofisini, yaani maandishi yaliyotunzwa. Kwa mahali pa kutunzia habari ambapo habari hubaki hata umeme ukikatika, tutumie hifadhi. Sentensi ya mswada isomeke hivi: "Nakili kwanza kumbukumbu za joto, kisha futa vitalu vya hifadhi vitakavyopokea taswira mpya." Imekuwa ndefu zaidi, lakini haimwangamizi mtu. Maneno vitalu na taswira tutayatetea hapa chini.

3. Flashi na mweko

Aina ya hifadhi inayozungumzwa hapa ilibuniwa na Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba ya Japani, aliyeitangaza mbele ya wataalamu wenzake mwaka 1984. Inasimuliwa kwamba jina lake lilipendekezwa na mwenzake wa kazi, Shoji Ariizumi, kwa kuwa ufutaji wake wa mara moja ulimkumbusha mmuliko wa taa ya kamera. Yafaa jambo hili likumbukwe, maana jina hilo lilitokana na namna ya kufuta. Hifadhi hii haitoi mwanga wowote.

Mfasiri ametumia mweko, nadhari yake ikiwa bila shaka katika orodha zinazozunguka ambamo kijiti cha kuhifadhia mafaili huitwa diski mweko. Tuna hoja tatu dhidi ya jina hilo. Ya kwanza, kifaa hicho hakina diski. Ya pili, kitenzi chenye maana ya kutoa mwanga wa ghafla ni mweka, na jina lake kwa kanuni ya mnyambuliko ni mmweko. Anayeliona neno mweko bila kufundishwa atalirudisha kwenye kitenzi weka. Kwa bahati atapata maana inayokaribia, kwa kuwa hifadhi ni mahali pa kuweka, lakini istilahi inayoeleweka kwa bahati si istilahi. Ya tatu, na ndiyo nzito zaidi, hata mmweko ukiandikwa sawasawa unafasiri tashbihi ya Mjapani mmoja kuhusu taa ya kamera. Haumwambii fundi wa Buswelu lolote juu ya tabia ya kitu kilicho mkononi mwake.

Kanuni tunazozifuata katika kuunda istilahi hututaka tuanze na Kiswahili chenyewe, kisha lugha za Kibantu, kisha lugha nyingine za Kiafrika, na mwisho lugha za kigeni. Kanuni hizo zimetupa maneno bora: ikulu lilitoka kwa Wanyamwezi na Wasukuma likapata heshima ya nchi nzima, na kitivo likatoka milima ya Wapare na Wasambaa likaingia chuo kikuu. Lakini ngazi hiyo si adhabu kwamba lazima tuning'inie katika kila kidato. Neno flashi limekwisha kuwa la watu: mwanafunzi, karani na mchuuzi wa vifaa wote hulitumia bila kusita. Kwa hiyo tunapendekeza hifadhi ya flashi kwa aina hii ya hifadhi popote ilipo, iwe ndani ya simu, mita au kirekodi joto; na flashi peke yake ibaki kwa kijiti cha kuchomeka, kama umma ulivyokwisha kuamua.

4. Tofali au kitalu?

Hifadhi ya flashi ina tabia moja ambayo mwongozo wote umejengwa juu yake. Habari huandikwa ukurasa kwa ukurasa, lakini haiwezekani kufuta ukurasa mmoja. Hufutwa kundi zima la kurasa kwa pamoja. Katika chipu nyingi za aina inayotumika kuhifadhia mafaili, kundi moja lina kurasa 64 zenye baiti 2,048 kila mmoja, yaani baiti 131,072 kwa jumla. Tena, kila kundi huvumilia kufutwa kwa idadi yenye kikomo: zilizo imara hufika takriban mara 100,000, nyingine hazifiki hapo.

Mfasiri ameliita kundi hilo tofali, naye anazungumzia "tofali la kufutia" na "tofali bovu". Tunaelewa njia aliyopitia: lugha chanzi hutumia neno moja kwa tofali la ujenzi, kwa kundi la nyumba na kwa kundi hili la kurasa, naye akashika maana ya kwanza ya kamusi. Lakini tofali ni kitu kimoja kisichogawanyika. Halina kurasa ndani yake. Msomaji hawezi kujua kwa nini tofali liandikwe kidogo kidogo na lifutwe lote.

Neno linalofaa limekwisha kuwako katika utumishi wa serikali, na watu wa Buswelu wanalijua kuliko wengi. Makao ya Manispaa ya Ilemela yapo hapo hapo, na mji umekua kwa upimaji wa viwanja. Mwananchi hupewa kiwanja chenye nambari yake ndani ya kitalu chenye herufi yake. Vivyo hivyo tuna vitalu vya uwindaji na vitalu vya gesi. Katika matumizi yote hayo kitalu ni eneo lenye mipaka, lililo na sehemu ndogo ndani yake, na ambalo mamlaka hulishughulikia kama kitu kimoja. Hiyo ndiyo tabia ya kundi la kurasa katika flashi: unaweza kujenga kiwanja kimoja kimoja, lakini ukitaka kubomoa sharti ubomoe kitalu kizima. Basi tuseme kitalu cha ufutaji, na kilichoharibika tukiite kitalu kibovu. Upatanisho wa kisarufi unakaa vizuri, nayo maana inajieleza.

5. Picha, nakala au taswira?

Hapa ndipo penye kiini cha mwongozo. Kinachoundwa kwenye kompyuta ya mezani ni faili moja lenye kila kitu kama kitakavyolala ndani ya flashi, baiti kwa baiti: mafaili yenyewe, majina yake, alama za kuhakikisha kwamba hayakuharibika, na hata nafasi zitakazoachwa tupu. Programu ya kuunda hupewa folda yenye mafaili, pamoja na ukubwa wa kitalu cha ufutaji cha chipu inayohusika. Nayo hutoa faili hilo moja. Ukubwa ukikosewa, mafaili yatapangwa kuvuka mipaka ya vitalu, na kifaa kitakapowashwa hakitayasoma.

Waingereza hukiita kitu hiki kwa neno lile lile la picha, naye mfasiri ameandika picha mwanzo hadi mwisho. Tatizo ni kwamba picha kwa Mswahili ni kitu cha kutazamwa. Fundi akiambiwa "tafuta picha katika folda" atatafuta picha za samaki au za gari. Na asipoziona atadhani folda imekosewa. Picha ibaki kwa kamera na kwa mchoraji.

Wapo wanaopendelea nakala, na hoja yao ina nguvu: kilichomo katika faili ni sawasawa na kitakachokuwamo katika flashi. Hata hivyo nakala hudai kuwako kwa asili. Barua hutangulia nakala yake. Faili tunalolizungumzia huundwa kabla ya kuwapo kitu chochote katika flashi. Lenyewe ndilo asili, na kilichomo katika kila kifaa ndicho kinacholifuata. Zaidi ya hayo, mafundi wanalihitaji neno nakala kwa kazi iliyo kinyume: kusoma yaliyomo katika kifaa kilichokwisha kutumika na kuyatunza katika kompyuta. Tukiyaita yote mawili nakala, fundi hatajua kama anaambiwa aweke au atoe.

Tumebakiwa na taswira. Walimu wa fasihi watalalamika kwamba neno hili ni lao. Ni kweli wamelilea, lakini neno laweza kutumikia taaluma mbili bila kugombana. Mzizi na shina ni za mtaalamu wa mimea na za mwanasarufi pia, wala hatujasikia mwanafunzi aliyekwenda kumwagilia kitenzi. Tena asili ya taswira inatusaidia. Limetoka katika mzizi wa Kiarabu uliotupatia sura, na maana yake ya awali ni kukipa kitu umbo. Kuunda taswira ya hifadhi ni hivyo hasa: kuyapa mafaili yaliyotawanyika umbo watakalokuwa nalo ndani ya chipu. Kwa hiyo taswira huundwa na kuandikwa katika kifaa. Nakala husomwa kutoka katika kifaa. Kanuni hii ni rahisi kufundisha, nayo inaondoa utata katika sehemu kubwa ya mswada.

Kuhusu kitenzi, mafundi husema kuflashi au kuchoma. Hatuna nguvu wala nia ya kuwazuia wakiwa kazini. Katika maandishi tunapendekeza kuandika taswira, kwa kuwa hapa hakuna kinachoungua, na kwa kuwa kinyume chake, kusoma, kiko tayari.

6. Tupu si sifuri

Dosari moja ya mswada haitokani na istilahi bali na mfasiri kutoijua kazi anayoifasiri. Mwongozo wa asili unaagiza kwamba nafasi zinazobaki mwishoni mwa taswira zijazwe hali ya utupu hadi kitalu kitimie. Mfasiri ameandika: "nafasi zilizobaki zijazwe sifuri." Ni kosa linaloeleweka, kwani kwa watu wengi tupu na sifuri ni ndugu. Katika flashi mambo yamegeuka. Kitalu kilichofutwa huwa na moja kila mahali. Kuandika ni kugeuza baadhi ya moja kuwa sifuri. Na sifuri haiwezi kurudi kuwa moja ila kwa kufuta kitalu kizima. Anayejaza sifuri ameandika. Nafasi hiyo haitumiki tena mpaka kitalu kifutwe.

Tunalitaja hili kwa sababu wasomaji wetu wengi ni wafasiri, na baadhi yao hudhani kwamba Baraza likiwapa orodha ya maneno, kazi imekwisha. Orodha haitoshi. Mfasiri wa mambo ya ufundi sharti akae na fundi japo siku moja, aulize kitu kinafanyaje kazi, ndipo ashike kalamu.

7. Yaliyo mema na yaliyo ya kurekebishwa

Si haki kuorodhesha dosari peke yake. Mfasiri ametumia kifaa pachikwa kwa kifaa chenye kompyuta iliyotiwa ndani yake kwa kazi maalumu. Baadhi ya wenzetu hulipinga neno hili wakidhani kupachika ni kubandika kwa nje. Sivyo. Kupachika ni kutia kitu mahali pake kati ya vitu viwili, kama mshale unavyopachikwa katika upote. Neno libaki.

Vilevile ametumia kusawazisha uchakavu kwa ile mbinu ya kuvizungusha vitalu ili visichoke vichache na vingine vikabaki vipya. Uchakavu ni neno la wahasibu wa serikali, na hapa limehama vizuri. Mkulima wa pamba wa Usukumani anayeogopa kulima jaruba moja mwaka hata mwaka ataielewa mbinu yenyewe bila kuelezwa mara mbili.

Mfumo wa faili tungependa usomeke mfumo wa mafaili, kwani hakuna mfumo wa faili moja. Mtumishi wa serikali atausaidika akielezwa kwamba mfumo huo ndio masjala ya kifaa: unajua kila faili liko wapi, lina ukubwa gani na liliandikwa lini. Lakini masjala libaki kuwa mfano wa kueleza. Kama istilahi lingeleta watu na makabati. Majina ya mifumo yenyewe, kama JFFS2 ya mwaka 2001 au UBIFS iliyoingia katika Linux mwaka 2008, yasifasiriwe. Ni majina ya pekee.

Mwisho, kizigeu. Mfasiri amelitumia kwa sehemu mojawapo ya hifadhi iliyotengwa kwa kazi yake. Kizigeu ni kiambaza kinachotenga vyumba. Chumba chenyewe si kizigeu. Lugha chanzi ina neno moja kwa vyote viwili, sisi tunayo mawili. Agizo la "kufuta kizigeu cha pili" laweza kueleweka kuwa ni kuondoa mpaka na kuziunganisha sehemu mbili. Tuseme sehemu ya hifadhi, na mpaka tuuite mpaka.

8. Funzo kutoka LUKU

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya mafundi wachache, nao waachiwe Kiingereza chao. Mwaka 2024 ulitoa jibu. Mita za umeme wa malipo ya kabla zilikuwa zikihesabu dakika kutoka mwaka 1993 kwa hesabu yenye biti 24, na hesabu hiyo ilikuwa ifike kikomo tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya hapo mita isiyorekebishwa isingekubali tokeni mpya. Hapakuwa na namna ya kuzikusanya mita zote katika karakana. Wateja wenyewe ndio walioingiza tarakimu 20 kwa 20, kwa kufuata maelekezo ya Kiswahili ya shirika la umeme. Kila nyumba yenye mita ya LUKU ikawa, kwa dakika chache, karakana ya kifaa pachikwa.

Hebu tuyatazame maneno yaliyotumika. LUKU, yaani Lipa Umeme Kadri Utumiavyo, ni ufupisho uliozaliwa hapa hapa nchini. Mita na tokeni ni ya kukopa. Ingiza ni kitenzi cha kila siku. Hakuna hata moja lililotungwa ili lipendeze. Yote yalichaguliwa ili mama wa nyumbani, mzee na kijana wabonyeze vitufe vile vile kwa mfuatano ule ule. Hicho ndicho kipimo tunachokitaka kwa istilahi za flashi.

9. Istilahi zinazopendekezwa

Hifadhi ya flashi: hifadhi inayobaki na habari bila umeme, hufutwa kitalu kwa kitalu.
Kumbukumbu: maandishi au vipimo vilivyotunzwa ili virejewe.
Ukurasa: sehemu ndogo kabisa inayoandikwa kwa mara moja.
Kitalu cha ufutaji: kundi la kurasa linalofutwa kwa pamoja.
Kitalu kibovu: kitalu kisichoweza tena kutunza habari.
Taswira ya hifadhi: faili moja lenye mpangilio kamili wa yatakayoandikwa katika flashi.
Nakala ya hifadhi: yaliyosomwa kutoka katika kifaa na kutunzwa kwingine.
Sehemu ya hifadhi: eneo lililotengwa kwa kazi maalumu.
Kusawazisha uchakavu: kuvitumia vitalu kwa zamu ili vichakae kwa kadiri moja.
Kifaa pachikwa: kifaa chenye kompyuta ndani yake kwa kazi maalumu.

Orodha hii ni mapendekezo, haijasanifiwa. Wafasiri, walimu wa vyuo vya ufundi na watumishi wanaoandika miongozo wanaombwa waijaribu katika kazi zao kabla haijafikishwa mbele ya kamati ya kusanifu, watuandikie ni wapi inakwama. Mswada wa Buswelu tumeurudisha kwa mwenyewe pamoja na masahihisho, na tumemshauri asiuchapishe kabla ukurasa wa tano haujaandikwa upya. Kurasa nyingine zinaweza kungoja. Ule haungoji, kwa kuwa ndio utakaofunguliwa na fundi siku gari la samaki linapokuwa mlangoni.